Mwili Hulipa Nini Ini Linapopasuliwa

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya wauguzi, wanafunzi wa udaktari na familia za wagonjwa wa saratani. Wengi walioshindwa kufika waliomba maneno yote yaliyosemwa, nayo ni haya. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa bila kulala, na nyinyi vijana wa udaktari mliojaa kule nyuma: asanteni kwa kuja.

Mimi ni daktari wa usingizi. Kazi yangu ni nusu kaputi, ganzi na maumivu. Daktari wa upasuaji analitazama ini. Mimi namtazama mtu mwenye ini. Natazama moyo unavyopiga, mapafu yanavyojaa, mkojo unavyotoka, sukari inavyopanda. Kwa hiyo nikizungumzia upasuaji wa ini leo, nazungumza kutoka kichwani pa mgonjwa, pale ninaposimama tangu anapofumba macho mpaka anapoyafumbua.

Familia huniuliza swali moja kuliko yote: "Daktari, mtamfungua au mtamtoboa?" Ukiwatazama usoni unaona wanachotaka kusikia. Wanataka niseme nitamtoboa, yaani tupitishe kamera na vyombo kwenye matundu madogo badala ya kulifungua tumbo. Kwa sababu tumeamini kwamba tundu dogo ni upasuaji mdogo. Je, ni kweli? Matundu manne au matano ya ukubwa wa kitufe yanatosha kuufanya upasuaji wa ini uwe jambo dogo?

Tulianze ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi. Kila dakika hupokea takribani robo ya damu yote inayotoka moyoni, karibu lita 1.5. Robo tatu ya damu hiyo haiji na mshipa wa ateri bali na mshipa mkubwa unaotoka kwenye matumbo, uliobeba chakula tulichokula. Sasa fikirini mtu anakata kiungo cha namna hiyo. Mwaka 1888, mjini Berlin, Carl Langenbuch alimkata mwanamke kipande cha ini kwa kupanga, na mgonjwa akapona. Lakini alilazimika kumfungua tena kwa sababu damu ilivuja. Tangu hapo, kwa miongo mingi, habari ya upasuaji wa ini ilikuwa habari ya damu. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow alieleza namna ya kuibana mishipa inayoingia kwenye ini ili damu itulie, na mpaka leo tunabana vivyo hivyo, dakika 15 kwa kawaida, kisha tunaachia 5, kisha tunabana tena. Miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud akaligawa ini katika sehemu 8, kila moja na mishipa yake ya kuingiza na kutoa, na madaktari wakajua wapi pa kupita. Kamera zilipoanza kuingia tumboni, ini lilikuwa miongoni mwa viungo vilivyoogopwa sana. Upasuaji wa ini kwa matundu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ilikuwa mpaka mwaka 2008, kwenye mkutano wa Louisville, Marekani, ndipo mabingwa wa dunia walipokubaliana kwa kauli moja kwamba kazi hii, mikononi mwa waliozoea, ni salama kwa baadhi ya wagonjwa.

Ndugu zangu, naomba mshike jambo moja, kwa sababu yote nitakayosema yatarudi hapo. Upasuaji wowote wa ini una gharama mbili. Kuna gharama ya mlango, na kuna gharama ya chumba. Mlango ni njia tuliyopita kuingia: ngozi, misuli, mishipa ya fahamu, mbavu. Chumba ni kile tulichokifuata: ini lililokatwa, damu iliyomwagika, sehemu iliyobaki ambayo kesho asubuhi lazima ifanye kazi ya ini zima. Watu wakilinganisha matundu na kufungua tumbo, wanalinganisha milango. Chumba ni kile kile.

Sasa tuutazame mlango mkubwa. Kisu huanzia chini ya kidari, hushuka katikati ya tumbo, kisha hukata kona kwenda kulia, chini ya mbavu, mpaka ubavuni. Ule msuli mrefu wa tumbo unaokuinua kitandani hukatwa kwa kukingama. Mishipa ya fahamu inayopita kati ya mbavu na kuja mbele, mingine hukatwa, mingine huvutwa. Kisha vyuma vya kupanulia huziinua mbavu juu, na huziacha hapo saa tatu, saa nne, saa sita. Kabla daktari hajaligusa ini, mwili umekwishalipa bei kubwa.

Inalipwa wapi? Watu hudhani inalipwa kwenye kidonda. Mimi nawaambia inalipwa kwenye mapafu.

Alikuwepo mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu. Alitolewa sehemu ya ini kwa kufunguliwa tumbo. Upasuaji ulikwenda vizuri, damu kidogo, kidonda safi. Siku ya pili nikampitia wodini. Amelala chali, anavuta pumzi fupi fupi za juu ya kifua. Nikamwambia, "Mzee wangu, kohoa." Akanitazama kwa muda, akasema, "Daktari, nikikohoa nitapasuka." Hakuwa na uvivu yule mzee. Alikuwa anajilinda. Kila pumzi ndefu ilivuta mshono, kwa hiyo akaacha kuvuta pumzi ndefu. Asipovuta pumzi ndefu, sehemu za chini za mapafu hujifunga. Asipokohoa, makohozi hukaa. Siku ya tatu homa ikapanda, na picha ya kifua ikaonyesha kichomi upande wa kulia, pale pale juu ya ini. Ini lilikuwa linapona. Kifua ndicho kilichomrudisha nyuma wiki nzima.

Mmeona? Kidonda kilikuwa tumboni, ugonjwa ukatokea kifuani. Katikati yake palikuwa na maumivu. Ndiyo maana huwa nawasihi wauguzi wasione maumivu kuwa adha ya mgonjwa anayelalamika sana. Maumivu baada ya kukatwa chini ya mbavu ni jambo la pumzi, na jambo la pumzi ni jambo la uhai.

Tundu dogo linaukwepa mlango huo kwa sehemu kubwa. Misuli inasukumwa kando badala ya kukatwa. Mbavu haziinuliwi. Kipande cha ini kinawekwa kwenye mfuko maalumu ndani ya tumbo, na mara nyingi kinatolewa kwa mkato mfupi chini ya kitovu, juu ya nywele za siri, mahali ambapo hapavutwi kila mtu anapopumua. Nimewaona wagonjwa wa namna hii wameketi kitini asubuhi ya pili wanakunywa uji. Siwasimulii haya kwa kusikia. Nimeyaona kwa macho yangu. Na miezi baadaye, kovu refu la tumboni huweza kulegea likatoa ngiri, ambayo huhitaji upasuaji mwingine. Matundu hupunguza hatari hiyo pia.

Lakini je, ni mapafu na misuli tu? Hapana. Kuna gharama isiyoonekana kwa macho, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye uzito wa jambo hili.

Twende Glasgow, karibu na mwaka 1930. Alikuwepo mwanasayansi kijana, David Cuthbertson. Alipewa wagonjwa waliovunjika mifupa ya miguu, akapima mkojo wao siku baada ya siku. Alitazamia kuona dalili za mfupa kupungua. Alichokiona ni nitrojeni nyingi mno ikitoka kwenye mkojo, nyingi kuliko inavyoweza kutoka kwenye mguu ule mmoja. Nitrojeni ile ilitoka kwenye protini, na protini ile ilitoka kwenye misuli ya mwili mzima. Mtu amevunjika mguu wa kushoto, lakini mkono wa kulia nao unakonda. Mwili, ukijeruhiwa sehemu moja, hujila wenyewe sehemu zote ili upate malighafi ya kujitibu.

Na mwili hautofautishi jeraha la gari na jeraha la daktari. Kisu kikipita, homoni za hofu na mfadhaiko hupanda, sukari hupanda hata kwa asiye na kisukari, chembe za kinga humwaga kemikali za kuita wenzao, misuli huanza kuyeyuka. Kadiri jeraha lilivyo kubwa ndivyo mwitikio ulivyo mkubwa. Mnawajua wagonjwa wanaorudi nyumbani, kidonda kimefunga vizuri, lakini hawawezi kupanda ngazi? Familia inasema amekuwa mvivu, amekata tamaa. Hajawa mvivu. Nyama zake za mapaja zimetumika kulipia upasuaji.

Sasa swali: je, mlango mdogo hupunguza mwitikio huo, hata kama chumba ni kile kile? Hili lilijibiwa Oslo, Norwe, kwenye hospitali ya Rikshospitalet. Kati ya mwaka 2012 na 2016 walichukua wagonjwa 280 wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini, wakawagawa kwa kura: 133 matundu, 147 kufunguliwa tumbo. Kwa kura, ndugu zangu. Hakuna aliyechagua wagonjwa wenye nguvu akawapeleka kwenye matundu, na hilo ndilo linaloufanya utafiti huo uaminike. Katika wagonjwa 45 wa mwanzo wakafanya jambo la ziada: walichukua damu kabla, wakati na baada ya upasuaji, wakapima vipimo 25 vya mwitikio wa mwili. Vipimo 8 vilipanda. Sikilizeni vizuri hapo: vilipanda kwa wote, wa matundu na wa tumbo wazi. Lakini 5 kati ya hivyo 8 vilipanda juu zaidi kwa waliofunguliwa tumbo, na miongoni mwake ni CRP, ile protini ya damu inayopanda mwili ukijeruhiwa au ukiugua, kipimo ambacho wauguzi wangu mnakijua kila siku, pamoja na mabaki ya chembe zilizokufa yanayoelea kwenye damu.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, na jibu ni siyo. Ndiyo, kwa mlango mdogo mwili haukushtuka sana kama kwa mlango mkubwa. Siyo, haukuacha kushtuka. Aliyetobolewa naye amepasuliwa ini. Familia inayomwona ana plasta tano ndogo tumboni, kisha ikamtaka aende shambani wiki ijayo, inamkosea.

Na je, tofauti ile ya damu ilionekana kwa mtu mwenyewe? Ilionekana. Katika wagonjwa wote 280, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 31 kwa tumbo wazi na asilimia 19 kwa matundu. Muda wa kukaa hospitalini ulikuwa saa 96 dhidi ya saa 53. Siku nne dhidi ya siku mbili na kidogo! Walipoulizwa hali zao mwezi mmoja baadaye, wa matundu walijisikia vizuri zaidi. Gharama kwa jumla haikutofautiana, wala damu iliyopotea, wala muda wa upasuaji.

Na uhai? Maana hilo ndilo familia inalotaka kujua usiku, taa zikizimwa. Je, tundu dogo linaacha saratani ndani? Je, daktari anayetazama kwa kamera anakosa kitu ambacho mkono ungekigusa? Watafiti wale wale wa Oslo waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa asilimia 54 kwa matundu na asilimia 55 kwa tumbo wazi. Hakuna tofauti. Mlango haukubadilisha kilichotokea kwa saratani. Naomba niirudie kwa ajili ya yule ambaye ndugu yake alifunguliwa tumbo na bado anajilaumu kwamba hakumtafutia matundu: uhai haukutofautiana. Haukutofautiana.

Hapo ningeweza kunyamaza, mkaondoka mkisema matundu yameshinda. Lakini ningewadanganya kwa kuwaficha nusu ya habari.

Nusu ya pili inaanzia Sheffield, Uingereza, na iliandikwa mwaka 1996. Wagonjwa 200 waliokuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Wengine walitolewa kifuko kwa matundu, wengine kwa mkato mmoja mfupi. Upasuaji ulipokwisha, wote walifungwa bendeji zinazofanana. Mgonjwa hakujua amefanyiwa upi. Muuguzi wa wodi hakujua. Na ikawaje? Siku za kulazwa zilikuwa sawa. Kurudi kazini kulikuwa sawa. Tofauti iliyoonekana ni kwamba matundu yalichukua dakika 65 na mkato mfupi dakika 40.

Kifuko cha nyongo si ini, najua, na mkato mfupi si ule mkato wa mbavuni niliowaeleza. Lakini fikirini kilichotokea pale. Bendeji ilimzuia muuguzi asijue, na muuguzi asipojua, huwatendea wote sawa. Wote wanaambiwa, "Amka, tembea kidogo." Wote wanapewa chai. Hakuna anayeambiwa, "Wewe tulia, una kidonda kikubwa." Mimi nikausoma utafiti ule nikajiuliza: katika nafuu yote tunayoisifia matundu, kiasi gani ni cha matundu, na kiasi gani ni cha namna tunavyomtendea mtu tukishaona ana plasta ndogo? Kule Oslo hakukuwa na bendeji za kuficha.

Tena kuna utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2024, wa watu waliokatwa karibu nusu ya ini. Hapo chumba ni kikubwa sana. Waligawanywa kwa kura vile vile, na wote, wa mlango mkubwa na wa mlango mdogo, walitunzwa kwa utaratibu wa kisasa wa kuwahisha kupona. Wa matundu walikuwa tayari kurudi nyumbani siku ya 4, wa tumbo wazi siku ya 5. Siku moja. Siidharau siku moja ya mgonjwa, hata kidogo. Lakini mnaona jinsi tofauti inavyopungua chumba kinapokuwa kikubwa na matunzo yanapokuwa mema kwa wote.

Na matundu yana bei yake. Tunajaza tumbo hewa ya ukaa ili kamera ione. Hewa hiyo hukisukuma juu kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, mapafu yakabanwa, nami nalazimika kuongeza nguvu ya mashine. Sehemu yake huingia kwenye damu, na lazima mapafu yaitoe. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu anaweza asiivumilie saa nyingi. Mshipa mkubwa wa ini ukichanika, hewa inaweza kuingia ndani yake na kwenda moyoni. Hewa hiyo hiyo, kwa upande mwingine, huibana mishipa midogo, damu isivuje sana. Na hapo ndipo tulipo sisi wa kichwani, tukicheza kati ya faida na hatari. Kisha mgonjwa anaamka analalamika bega la kulia. "Daktari, mlinipasua tumbo, kwa nini bega linauma?" Kiwambo na bega vina mshipa wa fahamu wenye asili moja, kwa hiyo kiwambo kikikereka, bega husema. Hupita baada ya siku chache.

Na kama damu itavuja bila kuzuilika, au uvimbe ukiwa umekaa nyuma kabisa mahali vyombo havifiki, daktari mwenye busara atafungua tumbo. Familia zetu huichukua hiyo kuwa kushindwa. Sikilizeni: daktari aliyefungua tumbo kwa wakati amemwokoa mtu wenu. Wa kuogopwa ni yule anayeona aibu kufungua.

Sasa nije kwetu. Saratani ya ini tunayoiona zaidi huku si ile iliyosambaa kutoka utumbo mpana kama kwa wale wa Oslo. Yetu kwa sehemu kubwa inaanzia kwenye ini lenyewe, mara nyingi juu ya homa ya ini ya virusi vya B iliyokaa miaka mingi kimya, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga huongeza hatari. Maana yake ni kwamba wagonjwa wetu wengi wanafika na ini lililosinyaa, lenye makovu. Mwenye ini zima, tukimwachia robo hivi ya ini lake, kwa kawaida itamtosha, na itaanza kukua ndani ya siku chache. Mwenye ini lililosinyaa tunataka abakiwe na asilimia 40 au zaidi, na hata hapo usingizi wangu mimi hautulii.

Kwa mgonjwa huyo mlango una uzito wa pekee. Ini likisinyaa, damu hushindwa kupita ndani yake kwa urahisi, ikatafuta njia za pembeni, na baadhi ya njia hizo hupita kwenye ukuta wa tumbo. Ukizikata kwa mkato mrefu umezifunga njia ambazo mwili ulizitafuta kwa miaka. Shinikizo linapanda, maji yanajaa tumboni, tumbo linavimba, mshono unavuja. Wale wanaofanyiwa kwa matundu, njia hizo nyingi hubaki salama. Kwa hiyo mtu mwenye ini lililosinyaa kiasi, na uvimbe mdogo ulio karibu na uso wa ini, huyo ndiye ninayeona kwamba matundu yanamfaa kuliko wote. Ningependa nchi hii ianze naye huyo, kabla ya kukimbilia upasuaji mkubwa wa kuonyesha kwenye televisheni.

Lakini leo hii wagonjwa wetu wengi wa ini bado wanafunguliwa tumbo. Hospitali zetu kubwa zinatoa kifuko cha nyongo kwa matundu, na nafurahi kwa hilo. Ini linahitaji zaidi: altrasaundi ya ndani ya chumba cha upasuaji, vyombo vya kukata na kuzuia damu kwa wakati mmoja, damu ya kutosha benki, na daktari aliyekwisha kuyafanya haya makumi ya mara akiwa na mwalimu pembeni. Vitakuja. Je, mpaka vije, yule mama anayefunguliwa tumbo Jumanne ijayo tumwambie nini? Tumwambie asubiri?

Hapana. Hapa nitawapeleka Denmark, kwa Henrik Kehlet. Miaka ya 1990 alikuwa anauliza swali ambalo lilionekana la kitoto: kwa nini mgonjwa huyu bado yuko hospitalini leo? Kila asubuhi, kwa kila mgonjwa, kwa nini bado yuko? Anaumwa? Basi tutibu maumivu vizuri zaidi. Hajala? Nani alimkataza? Hajatembea? Nani alimfunga na mipira na dripu? Mwaka 2000 yeye na wenzake walieleza wagonjwa 60 waliokatwa utumbo mpana kwa kufunguliwa tumbo, si kwa matundu. Ganzi ya mgongoni, chakula mapema, kutembea mapema. Nusu yao walikuwa wamekwenda nyumbani siku 2 baada ya upasuaji, wakati ambapo kwingi watu walikaa wiki na zaidi. Mlango ulikuwa mkubwa vile vile. Kilichobadilika ni matunzo.

Na kwa ini je? Mwaka 2008 madaktari wa Maastricht, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Edinburgh na Tromsø, walichapisha matokeo ya utaratibu kama huo kwa waliofunguliwa tumbo na kukatwa ini. Kukaa hospitalini kulishuka kutoka siku 8 hadi 6. Bila kamera. Bila matundu. Bila mashine mpya.

Wauguzi wenzangu, hapa ndipo nguvu yenu ilipo, na sisemi haya kuwafurahisha. Mgonjwa akila uji jioni ile ile ya upasuaji, misuli yake haiyeyuki sana. Akiketi kitini asubuhi inayofuata, mapafu yake ya chini yanafunguka. Akifundishwa kabla ya upasuaji, akiwa bado hana maumivu, namna ya kukumbatia mto tumboni na kukohoa, basi siku ya pili atakohoa. Yule mzee wa malori hakufundishwa. Hakuna aliyemkumbatisha mto. Ganzi ya mgongoni tunaitumia kwa uangalifu kwenye ini, kwa sababu ini likikatwa sana damu huchelewa kuganda na hatutaki mrija mgongoni wakati huo. Lakini tunaweza kupitisha vimrija vya ganzi kwenye kidonda chenyewe. Hivyo si vitu vya nchi tajiri tu. Hata parasetamoli tunapima: ini lililobaki dogo hupewa dozi ndogo.

Vijana wa udaktari, msiingie kwenye kazi hii mkigombania matundu na tumbo wazi kana kwamba ni Simba na Yanga. Mkiwa mbele ya mgonjwa jiulizeni: ini litakalobaki linatosha? Uvimbe uko wapi? Mapafu na moyo vitavumilia hewa? Mikono iliyopo hapa leo imezoea nini? Mkimaliza hayo ndipo muuzungumzie mlango.

Na nyinyi familia, mkikaa na daktari kabla ya kutia saini, muulizeni idadi ya mara alizofanya upasuaji huo. Si utovu wa adabu, ni haki yenu. Muulizeni maumivu yatatibiwaje usiku wa kwanza. Muulizeni mgonjwa ataketi lini, atakula lini, atarudi lini kwenye kemo, zile dawa za saratani, kama anaihitaji. Daktari akijibu kwa upole na kwa undani, mko mahali pazuri, hata kama atafungua tumbo. Mgonjwa akirudi nyumbani mpeni mayai, samaki, maharage, kwa sababu anajenga upya misuli aliyoitumia; msimpe ndizi na mchuzi mwepesi mkidhani tumbo lililopasuliwa halitaki chakula. Tembeeni naye jioni, mpaka kwa jirani leo, mpaka dukani wiki ijayo. Asinyanyue ndoo ya maji wala mtoto kwa wiki sita hivi akiwa amefunguliwa tumbo. Na aliyetobolewa muda wake muulizeni daktari wake, maana naye ana jeraha ndani.

Nimesikia kengele, na muda wa maswali umefika. Naanza na huyu mama wa mbele aliyeandika yake kwenye karatasi.